Safari ya Busiu: Nani Anaishi Miaka Mingi?

Mwezi huu ukurasa wa safari unatupeleka Busiu, mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon.

Watoto wa darasa la nne walituuliza kwenye somo la sayansi: ni mnyama gani anaishi miaka mingi kuliko wengine? Kitabu chetu kinasema mistari miwili tu, basi. Ikatokea sisi walimu wa kujitolea wanne tumeitwa semina upande wa Mbale, na mahali pa kulala tumepata Busiu. Tukasema, twende na lile swali tuulize njiani. Tuliyoyaona, tuliyoyasikia na tuliyoyasoma kwenye vitabu vya semina ndiyo haya. Asomaye amsomee na asiyejua kusoma.

KASUKU WA MABIRA

Kutoka Kampala kwenda Jinja barabara inapita katikati ya msitu wa Mabira. Pale Najjembe magari yanasimama, na wauzaji wanakimbilia madirishani na kuku wa kuchoma, gonja na maji. Sisi tulinunua gonja, tukaangalia juu ya miti.

Msitu huu una kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu. Ndugu zetu wa Kongo mnamjua vizuri, maana misitu yenu ndiyo kwao. Kasuku huyu akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 40, hata 60. Yaani mtu akimchukua kasuku akiwa kijana, huenda kasuku akamzika mwenye nyumba. Ndege mdogo kama huyo! Kuku wa nyumbani akifika miaka 10 tunashangaa.

Lakini mwenye maisha marefu huwa hana haraka ya kuzaa. Kasuku anangoja miaka kadhaa kabla ya kutaga, halafu anataga mayai machache, ndani ya tundu la mti mkubwa wa zamani. Ukikata ule mti umemvunjia nyumba. Ukiwakamata wakubwa, hakuna wa kujaza nafasi yao haraka. Ndiyo sababu mwaka 2016 nchi za dunia zilikutana Johannesburg, Afrika Kusini, zikakubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini. Hata hivyo biashara ya magendo haijaisha. Januari 2022 hapa Uganda, upande wa Kisoro, walikamatwa kasuku zaidi ya 100 waliokuwa wanaingizwa kwa siri kutoka Kongo. Nao pia walivuka mpaka bila kupenda.

JINJA NA MTO MPOLOGOMA

Jinja tulivuka Mto Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, lile linaloshikiliwa na nyaya ndefu. Chini maji yanatoka Ziwa Victoria kuanza safari ya kwenda Misri.

Kwenye maji haya yupo mamba. Mamba wa Nile anaweza kuishi miaka 50, 60, na wengine zaidi. Jike anataga mayai mengi, 50 si ajabu, lakini kenge wanayala, ndege wanawabeba vitoto, samaki wakubwa nao wanawala. Mamba mkubwa unayemwona mmoja ni yule aliyepona kati ya wengi sana. Mwaka 2005, kijiji cha Luganga kando ya Ziwa Victoria upande wa Busoga, alikamatwa mamba mkubwa ambaye watu walimpa jina la Osama, wakisema amekula watu wengi. Hakuuawa, alipelekwa kwenye shamba la mamba. Watoto, tunawaambia hili ili mjue: mnyama mzee anajua pale mnapochotea maji na saa mnayochotea. Msizoee mahali pamoja.

Kutoka Iganga tulishika barabara ya Tirinyi. Tulipita Namutumba, na mbele yake bonde la Mto Mpologoma, mafunjo na mashamba ya mpunga pande zote mbili. Kandokando ya barabara vijana wanainua samaki juu ili abiria waone. Mmoja alikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, mnene, amekaa kama nyoka. Huyo ni kamongo. Waganda wanamwita mmamba, na ni mwiko wa ukoo mmoja mkubwa wa Buganda. Zamani wanawake wengi wa Buganda na Busoga walikuwa hawamli kabisa.

Kamongo ni samaki mwenye mapafu. Mkubwa wake ukimzuia asije juu kuvuta hewa, anakufa maji, samaki! Maji yakikauka anachimba tope, anajikunja, anajifunika na ute unaokauka kama mfuko, anaacha tundu dogo la kupumulia. Humo analala miezi mpaka mvua irudi. Anapunguza kila kitu, moyo unapiga polepole, chakula ni nyama ya mwili wake mwenyewe. Wataalamu waliowaweka kamongo namna hiyo waliona kwamba wengine wanaweza kuvumilia hata miaka mitatu, minne.

Na umri wake je? Ndugu yake wa Australia alipelekwa Chicago, Marekani, mwaka 1933 akiwa tayari mkubwa, akawekwa kwenye nyumba ya samaki. Wakampa jina la Granddad, maana yake Babu. Alikaa pale mpaka Februari 2017. Hesabuni wenyewe: miaka 84 mahali pamoja, na wakadiriaji wanasema alikuwa amepita miaka 90.

BUSIU CHINI YA MWEMBE

Mbale tulibadilisha gari, tukashuka na taksi kwa barabara ya Tororo mpaka Busiu. Ni mji mdogo wa barabarani: maduka mstari mmoja huku, mstari mmoja kule, boda boda wanangoja abiria, wamama na nyanya na ndizi chini. Nyuma ya maduka ni mihogo, mahindi na maharage. Upande wa mashariki mlima unasimama kama ukuta, na asubuhi ukungu ukitoka unaona maporomoko membamba ya maji yakishuka mwambani upande wa Wanale. Wenyeji ni Wamasaaba, ambao wengine huwaita Wagisu. Salamu yao ni "mulembe", yaani amani. Mtu asiyekujua anakusalimia amani! Sisi tulipenda sana.

Jioni ya pili wazee walikuwa wamekaa chini ya mwembe. Mmoja wetu akainama, akasema, "Wazee wetu, shikamoo. Watoto kambini wametutuma swali." Wakacheka, wakatupa benchi. Tukauliza: hapa kwenu, ni mnyama gani anaishi miaka mingi kuliko wote?

Mzee mmoja akasema kobe. Mwingine akasema hapana, ni tembo wa mlimani, lakini siku hizi hawaonekani. Kijana wa boda boda akaingilia ati ni punda wa Kapchorwa, kwa sababu alimkuta baba yake anamtumia na sasa yeye anamtumia. Hata huyo hakukosea sana: punda akitunzwa anafika miaka 30 na zaidi, ijapokuwa wengi wanakufa mapema kwa mizigo. Mwishoni mama mmoja mzee aliyekuwa anapukuchua maharage akasema bila kuinua kichwa, "Ni mtu. Mtu akiangaliwa."

Na yeye yuko karibu na ukweli. Kati ya wanyama wanaonyonyesha wa nchi kavu, hakuna anayejulikana kumpita binadamu. Mama mmoja wa Ufaransa, Jeanne Calment, alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122.

Halafu tukauliza, mzee, wewe una miaka mingapi? Hakutaja namba. Alitaja mwaka wa tohara yake. Mjue kwamba Wamasaaba wana tohara ya vijana inayoitwa imbalu. Inafanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili: 2020, 2022, 2024, namna hiyo. Sherehe za kuufungua mwaka hufanyika Mutoto, karibu na Mbale, mwezi wa nane. Kijana anacheza siku kadhaa na kengele miguuni, anazunguka kwa jamaa zake, anapakwa unga na tope, halafu anasimama mbele ya watu bila kutikisika. Kila kundi la vijana wa mwaka mmoja wanapewa jina kufuatana na jambo lililotokea wakati ule: njaa, nzige, vita, kitu kipya kilichoingia nchini. Kwa hiyo mzee asiyekuwa na karatasi hata moja anaweza kukuambia amezaliwa lini, karibu kabisa. Mfano: mtu aliyetahiriwa 1966 akiwa na miaka 18, amezaliwa 1948. Watoto, hiyo ni hesabu ya kutoa, mnaiweza.

Tuliwauliza na wanyama mnawahesabu vipi? Mzee akajibu ni hivyo hivyo. Unasema yule ng'ombe alizaliwa mwaka wa tohara ya fulani. Bila mtu anayekumbuka, umri wa mnyama haujulikani. Hilo neno tuliliandika na kulipigia mstari.

KOBE ALIYEVUKA BAHARI

Sasa tuseme juu ya kobe, maana jibu la mzee wa kwanza ndilo sahihi kwa wanyama wa nchi kavu. Kobe wa kawaida wa kwetu, yule mwenye madoa, anaweza kupita miaka 50. Lakini wafalme wa umri ni kobe wakubwa wa visiwa vya Aldabra, Shelisheli, katika Bahari ya Hindi. Kobe dume anaweza kupita kilo 200, zaidi ya magunia mawili ya mahindi.

Kisiwa cha St Helena, katikati ya Bahari ya Atlantiki, kina kobe anayeitwa Jonathan. Aliletwa kwa meli kutoka Shelisheli mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima. Kwa hiyo wanakadiria alianguliwa kama mwaka 1832. Mwaka 2022, alipotimiza miaka 190 kwa makadirio hayo, Guinness World Records walimtambua kuwa kobe mzee kuliko wote waliowahi kujulikana. Alikuwa amepofuka na pua haisikii harufu, na watu walikuwa wanamlisha kwa mkono.

Karibu na sisi, Zanzibar, kuna kisiwa kidogo cha Changuu. Mwaka 1919 waliletwa pale kobe wanne tu, zawadi kutoka kwa gavana wa Shelisheli. Wakazaana. Kufikia 1955 walikuwa karibu 200. Halafu wezi wakaanza kuwabeba na kuwauza nje. Mwaka 1988 walibaki kama 100, mwaka 1990 kama 50, na mwaka 1996 saba tu! Maadui wote wa porini hawakuwaweza, gamba liliwakinga, lakini gunia la mwizi liliwaweza. Likajengwa boma, wakawekwa walinzi, vitoto vikawa vinatunzwa, na idadi ikapanda tena. Mgeni akienda leo anawalisha majani kwa mkono, na kobe wengine wameandikwa umri juu ya gamba kwa rangi.

Wengi wenu wakubwa mnakumbuka habari ya Mombasa. Desemba 2004, wakati wa tsunami, mtoto wa kiboko alibaki peke yake baharini karibu na Malindi, kundi lake limepotea. Watu walimwokoa kwa nyavu, wakamwita Owen, wakampeleka Haller Park, Bamburi. Pale akamkimbilia kobe mmoja wa Aldabra anayeitwa Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130. Mwanzo kobe alimkwepa. Lakini mtoto hakuchoka, akamfuata, akalala ubavuni pake, akajifunza kula kwa kumwangalia. Picha zao zilizunguka dunia nzima. Mwaka 2007 walitenganishwa kwa sababu Owen alishakuwa mkubwa, angeweza kumuumiza. Sisi tunaoishi kambini hatuhitaji kuelezwa kwa nini ile picha ilipendwa. Mtoto aliyepoteza wake alipata mzee, ingawa si wa kabila lake.

TEMBO WA MLIMANI NA MENO SITA

Turudi mlimani, kule Busiu walikokuwa wanatuonyesha kwa kidole. Mlima Elgon ni volkano ya kale sana iliyozimika, zamani za mamilioni ya miaka, na kilele chake kina urefu wa mita 4,321. Nusu ni Uganda, nusu ni Kenya. Una mapango, na upande wa Kenya kuna pango la Kitum, ambapo tembo wanaingia usiku mpaka ndani kabisa penye giza tupu. Wanapapasa njia kwa mkonga, wanachimba ukuta kwa pembe, wanakula mawe yenye chumvi. Ndama anakwenda nyuma ya mama yake. Hakuna kibao cha kuonyesha njia. Njia iko kichwani mwa mkubwa. Majangili wa miaka ya 1980 waliwaua wengi, waliobaki ni wachache.

Tembo anaishi miaka 60, akibahatika 70. Kinachomaliza maisha yake mara nyingi ni meno. Tembo anapata seti sita za magego maishani, moja ikisagika nyingine inasukuma kutoka nyuma. Seti ya sita ikiisha hakuna ya saba. Hapo tembo mzee anatafuta majani laini ya kinamasi, anakonda, anakufa. Sasa mnaelewa kwa nini bibi zetu wanaomba uji.

Lakini huyo mzee asiyekuwa na meno ana kazi. Kundi la tembo linaongozwa na jike mkubwa, bibi yao. Mwaka 1993 kulikuwa na ukame mkali Tarangire, kaskazini mwa Tanzania. Kwa miezi tisa wataalamu walihesabu ndama 81, wakafa 16. Kawaida katika mia wanakufa wawili tu. Kulikuwa na koo tatu. Mbili zilitoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho, moja ilibaki, na iliyobaki ilipoteza ndama 10 kati ya wale 16. Tofauti ilikuwa nini? Zile zilizoondoka zilikuwa na majike wazee zaidi. Wataalamu wanaamini waliwahi kuuona ukame mkubwa wa mwaka 1958 mpaka 1961 wakiwa wadogo, wakakumbuka mama zao walipita wapi. Ile iliyobaki, majike wake wakubwa wengi walikuwa wameuawa na majangili zamani. Hakuna aliyekuwa amebaki wa kukumbuka.

Huko Amboseli, Kenya, watafiti waliwasikilizisha tembo sauti za simba kwenye spika. Waliochagua vizuri sauti ya dume, ambaye ndiye hatari zaidi, ni makundi yenye bibi wa miaka 60 na zaidi. Penye wazee hapaharibiki neno, hata kwa tembo.

Na hapa Uganda tunalo somo la uchungu. Hifadhi ya Queen Elizabeth ilikuwa na tembo elfu kadhaa. Katika vurugu za miaka ya 1970 askari na majangili waliwapiga risasi, na kufikia 1980 walibaki kama 150. Eve Abe, mtaalamu wa wanyama, Muacholi wa kaskazini mwa Uganda, aliwachunguza waliosalia. Alikuta makundi ya vijana watupu, mama wadogo bila bibi wa kuwaonyesha kulea. Akaona wanafanana na watoto wa kwao Acholi ambao vita viliwaua wazazi wao, wakakulia makambini bila wazee wa kukaa nao jioni. Hakusema watoto ni wanyama. Alisema kwamba jeraha la kukosa wazee linafanana.

KWA NINI WENGINE WANADUMU?

Tukikusanya majibu yote ya njiani, tunaona mambo matatu.

Kwanza, wana kinga. Kobe ana gamba, kasuku ana mabawa, tembo ana ukubwa, mamba ana meno. Kuna panya wa ajabu asiyekuwa na manyoya, aina ya fuko, anayeishi chini ya ardhi Kenya, Somalia na Ethiopia. Panya wa ghalani hafiki hata miaka minne. Huyu anapita miaka 30! Yuko salama shimoni, anakaa na ndugu wengi, hewa kidogo inamtosha.

Pili, hawana haraka. Wanakua polepole, wanazaa polepole. Tembo anabeba mimba miezi 22. Katika bahari yetu, kutoka Komoro mpaka Tanga, kuna samaki wa kale anayeitwa silakanti. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, na mimba yake inachukua kama miaka mitano. Wanaofanya haraka, kama sungura na panya, wanakwenda haraka.

Tatu, hakuna anayewasumbua. Hili ndilo kubwa. Kobe wa Changuu, kasuku wa Kisoro na tembo wa Queen Elizabeth walikuwa na mwili wa kudumu, ila waliondolewa kabla ya siku zao. Na mzaa polepole akimalizwa, kumrudisha ni kazi ya miaka mingi.

JE, WAJUA?

Papa wa Greenland, kwenye bahari ya baridi ya kaskazini, anaishi si chini ya miaka 272. Utafiti ulitolewa mwaka 2016.

Nyangumi mmoja wa bahari ya barafu anaweza kupita miaka 200.

Chaza aliyetolewa baharini karibu na Iceland mwaka 2006 alihesabiwa mistari ya ganda kama mistari ya mti. Miaka 507! Alipozaliwa, Wareno walikuwa ndiyo kwanza wanafika Mombasa na Malindi.

NA SISI HUMU KAMBINI?

Tulipokuwa kwenye taksi ya kurudi tulizungumza sana juu ya yule mzee na mwaka wake wa tohara. Angalieni karatasi zetu za uandikishaji. Wengi imeandikwa tarehe moja ya mwezi wa kwanza. Si kwamba nchi zetu zilizaa siku moja. Ni kwamba siku ya kuandikwa hapakuwa na aliyekumbuka, au aliyekumbuka hakuulizwa, basi karani akajaza 1/1. Karatasi iheshimuni, inatusaidia kupata posho na shule. Lakini haijui mlizaliwa msimu gani, nyumba ilikuwa upande gani wa mto, jirani aliyemkata mtoto kitovu anaitwa nani, njia gani mlipita usiku ule na nani aliwaonyesha.

Anayejua yuko kwenye mkeka nje ya nyumba, anaota jua. Mwaka huu mtaani kwetu tumewazika wazee kadhaa. Kila mmoja ameondoka na njia zake kichwani. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa, siku moja watarudi au watakwenda nchi ya tatu, na watakapoulizwa kwenu ni wapi, watajibu jina la kambi peke yake.

Wazee, tunajua mengine yanauma kuyasema, na mengine si ya masikio ya watoto. Hatuwalazimishi. Anzeni na yaliyo matamu: ng'ombe, mavuno, ndoa, mito. Na nyinyi vijana, msimkatize mzee akirudia hadithi. Anayerudia ndiye anayetunza.

KAZI YA FAMILIA MWEZI HUU

1. Mtoto amuulize mtu mzee kuliko wote nyumbani au kwa jirani: ulizaliwa wakati wa tukio gani? Njaa, mvua kubwa, uhuru, ujio wa treni, chochote. Halafu mfanye hesabu ya mwaka pamoja.

2. Aandike majina ya babu na bibi mpaka pale kumbukumbu inapofika, na majina ya mito na milima ya nyumbani.

3. Asiyekuwa na mzee nyumbani aende kwa mzee asiyekuwa na mtoto. Wapo wengi, na wanajua kupokea. Apeleke maji au kuni, asiende mikono mitupu.

4. Swali la darasa la nne: kobe akizaliwa 1832, mwaka 1919 kobe wa Changuu walipofika alikuwa na miaka mingapi?

Madaftari myalete shuleni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Yatabaki mali yenu, sisi tutayafunika plastiki tu yasinyeshewe. Familia itakayopenda, tutachapa ukurasa mmoja wa kumbukumbu zake katika toleo lijalo, na jina halitawekwa kama hamtaki.

Mulembe kwenu nyote.